Kazi ya Mfugaji Nyuki Wakati wa Theluji



Nyuki si mgeni katika masikio ya Mwislamu. Sura ya 16 ya Kurani Tukufu imeitwa kwa jina lake, An-Nahl, na katika aya ya 68 na ya 69 hutajwa makao yake na kinywaji kitokacho tumboni mwake, chenye ponya kwa watu. Wengi basi humjua nyuki kwa asali yake. Wachache mno humjua kwa taabu yake. Asali huonekana mezani siku ya furaha, lakini taabu hufanyika mzingani gizani, na mara nyingi katika majira ambayo mtu angedhani kwamba hakuna kazi yo yote.

Maneno ya leo yahusu majira hayo. Yahusu nchi ya theluji, ambako kwa miezi mingi hakuna ua shambani, na yahusu watu wa nyumba moja wafugao mizinga michache. Swali ni moja: nyuki asiporuka na ua lisipochanua, mfugaji ana kazi gani? Jibu lake lina faida hata kwa mtu ambaye hajapata kuona theluji maishani mwake.

Nchi ya mfano ni Slovenia, nchi ndogo ya Ulaya iliyo baina ya Italia, Austria, Hungaria na Kroatia, ambayo ilijitangazia uhuru wake mwaka 1991. Watu wake ni kama milioni mbili tu, na wafugaji nyuki miongoni mwao wapita elfu kumi. Wengi wao si matajiri wenye mashamba makubwa. Huyu ni mwalimu, yule ni seremala, mwingine ni mkulima au mtu wa afisini. Nao huwa na mizinga yao nyuma ya nyumba, mara nyingi waliyoirithi kwa baba na babu. Mume, mke, watoto na wazee, kila mmoja ana sehemu yake katika kazi hiyo. Mwaka 2022 shirika la UNESCO liliandika ufugaji nyuki wa Slovenia katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu.

Katika upande wa kaskazini wa nchi hiyo, chini ya mlima Stol wenye urefu wa mita 2,236, kuna kijiji kiitwacho Breznica. Hapo alizaliwa Anton Janša mwaka 1734, katika nyumba ya mkulima mwenye mizinga mingi. Anton alikuwa mchoraji, na mwaka 1766 alikwenda Vienna pamoja na ndugu zake kwa ajili ya sanaa hiyo. Walakini elimu aliyoipata nyumbani kwao ndiyo iliyomtukuza. Mwaka 1770 Malkia Maria Theresa alimweka kuwa mwalimu wa ufugaji nyuki katika mji huo. Mwaka 1771 alitoa kitabu juu ya namna makundi ya nyuki yanavyogawanyika, na alipofariki mwaka 1773 umri wake ulikuwa haujafika miaka 40. Kitabu chake cha pili kilipigwa chapa mwaka 1775, naye mwenyewe hayupo. Kwa kumbukumbu ya kuzaliwa kwake, Umoja wa Mataifa uliichagua tarehe 20 Mei kuwa Siku ya Nyuki Duniani, na siku hiyo iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2018. Hivyo mwana wa mkulima, aliyefundishwa na baba yake nyuma ya nyumba, amekuwa sababu ya dunia nzima kumkumbuka nyuki.

Mtu apitaye katika vijiji hivyo huona vibanda vya mbao vyenye paa, vimesimama kando ya bustani, na upande wa mbele vina rangi nyingi. Hizo ni nyumba za nyuki. Mizinga hupangwa ndani yake safu juu ya safu, mmoja ukiugusa mwenziwe, ili wapeane kivuli wakati wa jua na kinga wakati wa baridi. Milango ya nyuki iko nje. Mfugaji hufanya kazi yake ndani, nyuma ya mizinga. Mizinga ya zamani ilikuwa masanduku marefu kama mitoto ya meza, na ubao wake wa mbele ulitiwa picha. Ubao wa zamani kabisa unaojulikana kwa mwaka wake ni wa 1758. Katika mji wa Radovljica kuna makumbusho ya ufugaji nyuki tangu mwaka 1959, na humo watu huitazama picha ipendwayo sana: wanyama wa porini wamebeba jeneza la mwindaji, nao wanakwenda kumzika. Mzinga utumikao sana leo ni ule ulioundwa na Anton Žnideršič mwanzoni mwa karne ya 20, ambao hufunguliwa kwa nyuma kama kabati.

Sasa itazamwe hali ya nyuki mwenyewe. Nyuki wa nchi hiyo ni wa rangi ya kijivujivu, mpole, na mwenye sifa ya kutumia chakula kwa uangalifu. Sheria ya nchi yamlinda asichanganywe na kabila jingine la nyuki. Joto linaposhuka chini ya nyuzi 14 hivi za sentigredi, nyuki hao huacha shughuli na kukusanyika juu ya masega, wakawa bumba moja. Si kweli kwamba wamelala usingizi mpaka masika. Wale wa nje hugeuza vichwa vyao ndani na kubanana sana, wakawa kama blanketi. Wale wa ndani hutetemesha misuli ya mabawa bila ya kupiga mabawa yenyewe, na kutetemeka huko huleta joto. Tena hupokezana zamu, aliyepoa akaingia ndani na aliyepata moto akatoka. Katikati ya bumba joto huwa kama nyuzi 20 au zaidi, na malkia aanzapo kutaga tena hupanda hata kufika nyuzi 34 au 35, ijapokuwa maji yameganda hatua moja nje ya mzinga. Nyuki hawaupashi moto mzinga wote. Hujipasha moto wao wenyewe tu, na kuni za moto huo ni asali.

Jambo jingine ni la ajabu zaidi. Nyuki mfanya kazi azaliwaye wakati wa kiangazi huishi wiki 5 au 6 tu, kwa sababu kazi humchakaza. Lakini yule azaliwaye mwisho wa kiangazi huweka mafuta mwilini mwake, naye aweza kuishi hata miezi 6. Huyo ndiye avukaye theluji. Asali ailayo yeye hakuikusanya kwa wingi. Iliwekwa na dada zake waliokwisha kufa. Naye ataishi mpaka awalee majana wa masika, kisha atakufa kabla ya kuona mavuno. Kwa hiyo katika kila mzinga kuna waliokusanya wasile, na kuna waliokula ili walee wasiowajua.

Hapa yafaa kumtaja nyuki wa Afrika ya Mashariki, kwa kuwa wasikilizaji humjua huyo. Yeye ni wa jamii moja na yule wa Ulaya, lakini ni wa kabila jingine, wala hakuumbiwa theluji. Njaa inapomzidi, au moto na siafu wanapomsumbua, kundi zima hutoka likahama, likatafuta mahali penye maua. Mfugaji wa nchi hizi huutundika mzinga mtini akingoja waje, na wanapotendewa vibaya huondoka zao. Mzinga hubaki mtupu, lakini nyuki wako hai mahali pengine. Nyuki wa nchi ya theluji hana pa kukimbilia. Mwezi wa Januari akitoka nje kwa safari, atakufa kabla ya kuvuka shamba moja. Yeye amefungiwa pamoja na kile alichoachiwa na mfugaji. Mfugaji akikosea, hatakuta mzinga mtupu, atakuta maiti.

Kwa sababu hiyo kazi ya baridi huanza kabla ya baridi. Mwisho wa kiangazi, asali ya mwisho inapotolewa, mfugaji hupima mizani mbili: yake na ya nyuki. Kundi moja la nyuki huhitaji kilo 10 hadi 15 za chakula ili livuke, na mahali penye baridi ndefu huhitaji zaidi. Mfugaji akiondoa asali kupita kiasi, sharti arudishe maji ya sukari, na sharti afanye hivyo mapema, wakati nyuki wangali na nguvu ya kuyakausha na kuyafunika kwa nta. Akichelewa mpaka baridi iingie, hawatayaweka akiba ipasavyo. Waswahili husema kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Katika kazi hii methali hiyo si mfano tu. Ni hesabu ya kilo. Kilo tatu zilizozidishwa katika ndoo ya mfugaji mwezi wa Agosti zaweza kuwa kifo cha kundi zima mwezi wa Machi.

Kadhalika kabla ya theluji mlango wa kila mzinga hupunguzwa kwa kipande cha bati au ubao chenye matundu madogo, nyuki apite lakini panya asipite. Panya hupenda mahali penye joto na chakula. Akiingia hutoboa masega, akajenga tundu lake humo, na harufu na msukosuko wake hulisumbua bumba mpaka likalegea. Ndege aitwaye kigogota naye ni adui. Ardhi ikiganda asipate wadudu, huja kuugonga ubao wa mzinga kwa mdomo wake mpaka autoboe, akawala nyuki. Mfugaji hutandika wavu mbele ya mizinga kumzuia. Hiyo aghalabu ni kazi ya vijana wa nyumba, nayo ni ndogo. Lakini usiku mmoja wa uvivu watosha kumwingiza panya.

Theluji ikisha kuanguka, kazi kubwa kuliko zote ni kazi ya kutokugusa. Hili ndilo jambo gumu kwa mfugaji mgeni. Moyo wake hauna utulivu. Ataka kuufungua mzinga aone kama nyuki wazima. Lakini kila mara mzinga ufunguliwapo, joto hutoka, bumba hushtuka, nyuki wa pembeni huanguka chini wakafa kwa baridi, na wale wabakiao hulazimika kula asali zaidi ili kulirudisha joto lililopotea. Huruma isiyo na elimu huua. Mfugaji mwenye ujuzi huzuia mkono wake na kuutumia sikio lake. Huingia katika nyumba ya nyuki kwa hatua za pole, bila ya kugonga mlango, akaliweka sikio lake juu ya ubao wa mzinga. Akisikia mvumo mdogo wa sawasawa, kama upepo wa mbali, hushukuru akaenda mzinga wa pili. Akisikia mvumo mkali usiotulia, kama kilio, hujua pana shida: labda malkia amekufa, labda njaa imeingia. Asiposikia kitu, hugonga kwa ukucha mara moja. Kundi zima hujibu kwa mvumo wa ghafula unaotulia upesi. Kundi lililokufa halijibu.

Ana na kitabu kingine cha kusoma, nacho ni takataka. Chini ya masega hutandikwa karatasi au ubao mwembamba, na kwa kuwa mzinga hufunguliwa kwa nyuma, huvutwa nje taratibu bila ya kuwasumbua nyuki. Juu yake huwa na mistari ya unga wa nta, kwa sababu nyuki hufungua vifuniko vya asali na unga wake huanguka chini. Mistari sita maana yake ni kwamba bumba limekaa katika nafasi sita baina ya masega. Mstari ukisogea nyuma wiki kwa wiki, mfugaji hujua ni upande gani nyuki wanakwenda wakila. Chembe za sukari huonyesha kwamba chakula kimeganda na nyuki hawapati maji ya kukilainisha. Maiti wachache ni jambo la kawaida. Maiti wengi ni habari mbaya. Mzee wa nyumba huwafundisha wajukuu kuisoma karatasi hiyo kama mwalimu wa chuo afundishavyo herufi, na mtoto akisha kuijua hupewa mizinga yake miwili au mitatu ya kuilinda.

Theluji yenyewe si adui kama idhaniwavyo. Theluji nyepesi iliyofunika mlango hupitisha hewa, tena hukinga upepo. Hatari ni pale inapoyeyuka mchana na kuganda usiku ikawa barafu, ikaziba mlango kabisa. Hapo mfugaji hutoka alfajiri na unyoya au fimbo laini, akauzibua mlango bila ya kishindo. Siku ya jua kali juu ya theluji mpya, huegemeza ubao mbele ya mlango kuzuia nuru, kwa maana nuru hiyo humdanganya nyuki akatoka akidhani masika yamefika, naye huanguka juu ya theluji asiweze kuruka tena.

Kuna adui mmoja ambaye babu zao hawakumjua. Ni utitiri uitwao varoa, ambao asili yake ni katika nyuki wa Asia, nao ulienea Ulaya katika miaka ya 1970. Ni mdogo kama punje ya mtama, rangi yake ni nyekundu ya kahawia, huung'ang'ania mwili wa nyuki, huzaana ndani ya vyumba vya majana, na huambukiza maradhi. Kundi lisilotibiwa aghalabu hufa baada ya mwaka mmoja au michache. Hapa baridi humsaidia mfugaji. Mwisho wa Novemba na mwezi wa Desemba malkia huacha kutaga, na majana wakiisha, utitiri hauna pa kujificha. Wote huwa juu ya nyuki wakubwa. Ndipo mfugaji hutumia asidi ya oksaliki. Wengine huichanganya na maji ya sukari na kuidondosha baina ya masega, kama mililita 5 tu kwa kila nafasi yenye nyuki. Wengine huigeuza kuwa mvuke kwa chombo cha moto. Huvaa glavu na miwani, na huziba pua na kinywa, kwa kuwa dawa hiyo ni kali. Kazi hiyo hufanywa katika siku moja tulivu isiyo ya baridi kali, nayo haichezewi: kipimo kikipungua utitiri hubaki, kikizidi nyuki hudhurika. Hii ndiyo mara moja ambapo katika kipindi cha baridi mkono huingia mzingani kwa makusudi, na huingia kwa sababu ya lazima, wala si kwa kutaka kuona.

Jioni za baridi ni ndefu, na jua hutua mapema. Wakati huo chumba cha kazi hugeuka kuwa karakana. Fremu za zamani hukwanguliwa na kuoshwa kwa maji ya moto yenye magadi. Masega meusi yaliyotumika miaka mingi hukatwa na kuyeyushwa. Nta huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 62 hivi, nayo huelea juu ya maji na kuacha takataka chini. Nta hiyo husafishwa, ikawa mikate ya manjano, kisha hubadilishwa au kutengenezwa kuwa karatasi nyembamba zenye chapa ya vyumba vya pembe sita, ili nyuki wapate pa kuanzia ujenzi. Baba hupiga randa mbao za mizinga mipya, mama au kijana hutia waya katika fremu, na watoto huhesabu misumari. Nyuso za mizinga hupakwa rangi upya, mmoja wa buluu, mwingine wa manjano, wa tatu mweupe. Rangi hizo si pambo tu. Humsaidia nyuki kuutambua mlango wa kwao. Nyekundu haina faida hiyo, kwa kuwa nyuki haioni kama mwanadamu aionavyo.

Biashara nayo ina nafasi yake. Asali nyingi hununuliwa wakati wa baridi, watu wanapotaka kitu cha moto kinywani na dawa ya kifua. Hapo mfugaji hukutana na malalamiko yale yale kila mwaka: asali imeganda, basi imetiwa sukari. Lawama hiyo haina haki. Asali safi nyingi huganda kwa tabia yake, kwa sababu ya sukari ya asili iliyomo, na baridi huharakisha jambo hilo. Dawa yake ni kukiweka chupa katika maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, kwa subira, wala si kuipika juu ya moto, kwa maana moto mkali huharibu harufu na nguvu ya asali. Mfugaji mwaminifu hulieleza jambo hilo mara mia bila ya kukasirika, kwa kuwa mali yake kubwa si asali bali ni kuaminiwa. Tena kila Ijumaa ya tatu ya mwezi wa Novemba watoto wa shule nchini humo hupewa chakula cha asubuhi cha mkate, siagi, asali, maziwa na tofaa, vyote vya nchi yao. Desturi hiyo ilitokana na juhudi za wafugaji nyuki wenyewe, waliotaka mtoto ajue kwamba asali ina mwenyewe na ina kazi nyuma yake.

Mtu angedhani hatari kubwa iko katikati ya baridi. Sivyo. Hatari kubwa iko mwisho wake, mwezi wa Februari na Machi. Malkia ameanza kutaga, majana wataka joto na chakula, na kila siku asali hupungua kwa kasi, ilhali maua bado. Ndipo huonekana msiba ambao mfugaji hausahau: bumba zima limekufa, kila nyuki ameingiza kichwa chake ndani ya chumba kitupu akilamba tone la mwisho, na vidole vinne kutoka hapo pana sega lililojaa asali. Hawakufa kwa kukosa. Walikufa kwa kuwa baridi iliwazuia kuivuka nafasi ile ndogo. Mfugaji aliyesoma karatasi yake vizuri hujua mapema kwamba chakula kimebaki upande mwingine, naye huweka donge la sukari iliyosagwa na kukandwa kwa asali yake mwenyewe karibu kabisa na bumba, mahali nyuki wawezapo kulifikia bila ya kuachana.

Ndipo hufika siku moja ambayo hakuna aijuaye kabla. Upepo hutulia, jua hupiga nyuso za mizinga, joto hupanda kufika kama nyuzi 10 au zaidi, na mvumo husikika kutoka nyumba ya nyuki. Hutoka mmoja, wakatoka kumi, kisha hewa yote ikajaa. Nyuki msafi hachafui nyumba yake; kwa wiki nyingi amejizuia, na siku hiyo hutoka kujisafisha. Theluji hujaa madoa ya manjano, na mama wa nyumba, aliyekwisha kujua desturi hiyo, haanikii nguo nyeupe nje. Watu wote wa nyumba husimama na kuhesabu. Mzinga wa kwanza, wanaruka. Wa pili, wanaruka. Wa tatu, kimya. Hapo ndipo hesabu ya Agosti hulipwa, wala hakuna hila ya kuibadilisha. Baada ya siku chache vichaka vya hazeli hutoa vumbi lake, maua ya mwanzo hutokeza mahali theluji ilipoyeyuka, na nyuki hurudi na chavua miguuni. Mfugaji amwonaye nyuki akiingia na chavua hujua kwamba ndani mna majana wa kulishwa.

Ndugu wasikilizaji, katika nchi hizi hakuna theluji, lakini kila nchi ina majira yake ya dhiki. Kuna wakati mvua zimekatika na maua yamekauka, na kuna mtu apandaye mtini na mwenge, akachoma, akatwaa masega yote pamoja na yale ya majana, asiache hata moja. Huyo amepata asali ya siku moja. Mfugaji wa chini ya mlima Stol angemwambia kwamba sehemu inayoachwa mzingani si hasara. Ndiyo mzinga wenyewe. Aachaye masega ya majana na sehemu ya asali, akatumia moshi badala ya moto, ana tumaini la kuwakuta nyuki wake tena.

Na funzo hilo halikomei kwenye nyuki. Akiba haiozi, walisema wazee. Jumuiya nayo, kama mzinga, huishi kwa kile kilichowekwa na waliokwisha kuondoka, na vijana wake watakula walichowekewa na walio hai leo. Mlinzi wake mwema si yule afunguaye na kufukua kila saa ili aonekane anafanya kazi. Ni yule apimaye kwa haki wakati wa mavuno, azibaye tundu la panya kabla ya usiku, asikilizaye kwa utulivu, na aingizaye mkono wake palipo na lazima. Asali ni riziki, na nyuki ni amana. Mwenye kuitunza amana wakati hakuna ua shambani, huyo ndiye mwenye haki ya kuonja maua yanapochanua.